Mbele ya kumwambia muvuvi aache bahari, mumuulize

Sisi watu wa Katanga bahari tunaijua zaidi mu sahani. Thomson ya friji inatoka mbali, tunaikula na bukari, mambo inaisha. Kwa hiyo, siku nilisema mbele ya wenzangu wa sindika kama ninataka kuandika juu ya matumbawe ya bahari, walicheka sana. Mumoja akaniuliza: «Delege, unaacha mishahara yetu, unaenda kutetea samaki?» Nilimujibu kama sitetei samaki. Ninatetea mutu mwenye anaambiwa aache kazi yake bila kuulizwa kitu. Mutu ule anaweza kuwa Kilifi kule Kenya, anaweza kuwa mu carrière ya Kolwezi. Shida yake ni moja.

Nianze na kueleza kintu chenyewe. Matumbawe, ukiyaona, utasema ni majiwe chini ya maji. Kumbe ni vinyama vidogo sana vyenye kujenga nyumba ya chokaa, mwaka kwa mwaka. Ndani ya mwili wao munaishi mimea midogo yenye kuwapatia chakula na rangi. Maji ikipata moto kupita kiasi, vile vinyama vinafukuza ile mimea, vinabaki vyeupe. Joto ikikawia, vinakufwa. Mu mwaka wa 1998 bahari ya Hindi ilipata joto kali, na ku pwani ya Kenya na Tanzania matumbawe mengi yalikufwa. Mu 2016 yalipauka tena. Mwezi wa ine 2024, wataalamu walitangaza kama dunia yote imeingia mu kupauka kwa mara ya ine.

Matumbawe yanafunika sehemu ndogo sana ya chini ya bahari, haifike hata 1 ku mia. Lakini karibu robo ya aina zote za viumbe vya bahari inategemea pale. Yanavunja pia nguvu ya mawimbi mbele haijafika ku nyumba za watu. Mu 2018 watalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa waliandika hivi: joto ya dunia ikipanda digri 1,5, matumbawe 70 mpaka 90 ku mia yatapotea. Ikipanda digri 2, yatapotea zaidi ya 99 ku mia. Kwa muvuvi mwenye ngalawa moja, ile hesabu inamaanisha sahani ya watoto wake.

Miaka mingi, watu wenye kusoma matumbawe walikuwa wanashuka mu maji, wanahesabu samaki, wanarudia kwao. Muvuvi walimuona sawa adui: yeye njo anaharibu, afukuzwe. Kiisha kukakuja watafiti wengine, wenye kukaa mu mukeka pamoja na wenyeji na kuwauliza maswali. Ile kazi njo inanipendeza, juu inafanana na yetu ya delege.

Mufano wa kwanza. Joshua Cinner na wenzake waliuliza wavuvi wa Kenya hivi: samaki ikipunguka, utafanya nini? Ikipunguka nusu, utaacha kuvua? Matokeo ilitoka mu 2009. Sisi wote tungefikiri kama maskini njo atakuwa wa kwanza kuacha, sababu hapati tena kitu. Walipata kinyume. Wavuvi wa nyumba za maskini zaidi njo hawakuwa tayari kuacha sawa wengine, hata samaki ikipunguka sana. Mwenye kuwa na duka kidogo, ao na mutoto mwenye kupokea mushahara, yeye anaweza kuacha. Mwenye hana kitu anabaki, anavua samaki ya mwisho na nyavu ya mwisho.

Niliposoma ile, nilikumbuka jambo lenye niliona na macho yangu. Kuna carrière moja kwetu, sitataja jina, kwenye walifukuza ba creuseur. Waliwapatia mafundisho ya kufuga kuku kwa wiki mbili, na cheti, na picha. Mutu hakuwauliza kama wako na kiwanja, kama maji inafika, kama kuna soko ya kuku pale. Miezi sita haikupita, wengi walikuwa wamerudi mu shimo, usiku, kwa kujificha, na kwa hatari kupita mbele. Wakubwa walisema: «Hawa watu ni vichwa nguvu.» Hapana. Wenye walirudi walikuwa wenye hawana kitu ingine. Wenye walikuwa na kitu hawakurudi. Ni hesabu ileile ya wavuvi.

Mufano wa pili ni wanawake wa Zanzibar. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanalima mwani, majani ya bahari yenye kuuzwa inje. Ni kazi iliwapatia feza yao wenyewe. Sasa maji ya pembeni imepata moto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufwa. Wataalamu wakasema: muende mu maji ya mbali, kule ni baridi. Sawa, ni kweli. Lakini wengi wao hawajui kuogelea, na mashua hawana. Njo unaona: jibu ya maji ilikuwa nzuri, jibu ya watu ilikosa. Ilibidi mutafiti Flower Msuya na wengine wakae na wale wanawake, watafute nyavu zingine, mashua, masomo ya kuogelea, na namna ya kutengeneza sabuni ya mwani ili wauze kwa bei ya juu. Ingine ilitembea, ingine bado. Lakini walianza na swali ya mwenye kazi.

Mufano wa tatu inatugusa sisi watu wa migodi. Ku pwani ya Tanzania, miaka mingi watu walivua na baruti. Unatupa, inalipuka, samaki inaelea, na matumbawe inabaki vipande vipande. Baruti ingine ilitoka ku migodi na ku kazi ya kupasula mawe. Sheria ilikataza tangu 1970, lakini mulipuko uliendelea kusikika mpaka miaka ya 2010, wakati serikali ilikaza kweli. Mwenye amesimama siku moja mu galerie nyuma ya tir anajua kile baruti inafanya ku jiwe gumu. Afikiri ile nguvu ku nyumba ya vinyama. Sisemi wavuvi wote ni watakatifu. Ninasema tu kama sheria ya makaratasi peke yake ilikaa karibu miaka 45 bila kushinda.

Sasa, kile kinashinda ni nini? Ku Kuruwitu, Kilifi, mu miaka ya 2000, wavuvi wenyewe waliona samaki inaisha. Walikaa, wakabishana, wakakubaliana kufunga kipande cha bahari, karibu hektari 30. Wao wanaita pahali pale tengefu. Hakuna kuvua ndani. Samaki ilirudi, na mu 2017 Umoja wa Mataifa uliwapatia zawadi. Kule Madagascar, kijiji cha Andavadoaka, mu 2004 walifunga pahali pa kuvulia pweza kwa miezi saba. Walipofungua, pweza ilikuwa mikubwa, na vijiji vingine vikafwata. Wenzetu wa Kasenga na Pweto hawatashangaa: wanajua kufunga ziwa Mweru ili samaki izae. Wanajua pia taabu ya miezi ile, wakati mutu hana kitu cha kupika.

Mu 2016, Cinner na watafiti wengine walitoa hesabu ya matumbawe zaidi ya 2.500 mu inchi 46. Walitafuta pahali kwenye samaki ni mingi kuliko vile mutu angefikiri. Walipata 15. Hazikuwa pahali pasipo watu tu. Nyingi zilikuwa pahali kwenye wenyeji wako na desturi yao ya nguvu juu ya bahari, wanashiriki mu maamuzi, na wanategemea bahari kwa kuishi. Mwenye kutegemea kitu anaweza kuwa mulinzi wake wa kwanza, kama amepewa neno la kusema.

Mu 2018, Cinner na wenzake waliandika kama mutu, ili aweze kuzoea mabadiliko ya hali ya hewa, anahitaji mambo tano: mali, uwezo wa kugeuza kazi, umoja na wenzake, kujifunza, na uwezo wa kujiamulia. Mashirika mengi inapenda ile ya kwanza, sababu inapigwa picha: mashine, kuku, mashua. Ile ya tano inasahauliwa, sababu kumupa mutu uwezo wa kuamua ni kukubali kama anaweza kukataa.

Niseme pia kitu kigumu. Tengefu haipoze maji ya bahari. Watu wa Kuruwitu wanaweza kufanya yote vizuri, na joto ya inchi tajiri ikawachomea matumbawe. Kwa hiyo tusibebeshe muvuvi muzigo wa moshi yenye hakutoa. Mwenye kutoa moshi apunguze, na alipe.

Na hapa njo sisi tunaingia. Zaidi ya 70 ku mia ya kobalti yenye kuchimbwa duniani inatoka Kongo. Inauzwa kwa jina la batri, na batri inauzwa kwa jina la kupunguza moshi. Shaba yetu na kobalti inapanda kamyo, inapita Kasumbalesa, inavuka Zambia, mingi inafika ku bandari ya Dar es Salaam. Meli inatoka pale, mbele ya pwani yenye matumbawe. Mizigo yetu inapita karibu ya mulango ya wale wavuvi, na hatujuane. Wao wanaambiwa: muache bahari ili matumbawe yapone. Sisi tunaambiwa: mutoke mu carrière ili kobalti ikuwe safi. Pande zote mbili, mwenye kuamua ako mbali.

Ninaomba mambo tatu, kwa serikali, kwa makampuni na kwa mashirika. Ya kwanza: musifukuze mutu mu kazi yake mbele ya kumuuliza, na kuanza na yule maskini zaidi, sababu yeye njo atabaki wa mwisho. Ya pili: watafiti wanakuja kwetu na makaratasi, wanauliza mpaka idadi ya sufuria, kiisha hatuwaoni tena. Warudishe matokeo, kwa Kiswahili, mu kiwanja, tuyajadili. Ya tatu: wakati mukubwa anapanga mabadiliko yoyote, wajumbe wa wafanyakazi na wa ba creuseur wakae ku meza na haki ya kusema hapana.

Na ya ine ni yetu sisi ba delege. Tunapenda kuuliza wafanyakazi maoni yao wakati wa uchaguzi wa sindika. Kiisha tunafunga kitabu. Mimi mwenyewe nimefanya ile, na yule rafiki mwenye alicheka alinikumbusha. Juma lijalo nitashuka ku ile carrière, bila cheti na bila kuku. Nitauliza tu wale wenye walirudi mu shimo: mulikuwa munataka nini?