Mmomonyoko wa udongo: kibanja kiko salama, mlima je?

Maji mengi ya mvua yanayotiririka kutoka vilima vya Karagwe na Kyerwa huishia Mto Kagera, na Kagera humwaga maji yake Ziwa Victoria. Bonde la mto huu lina kilomita za mraba zipatazo 60,000, nasi tunaligawana na Rwanda, Burundi na Uganda. Lakini hatari ya mmomonyoko huanzia shambani.

Wataalamu wanapoipima huangalia mambo matano: ukali wa mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, kinachofunika ardhi, na hatua za kuzuia maji. Matatu ya kwanza ni vigumu kuyabadili. Mawili ya mwisho yamo mikononi mwetu.

Kwa kipimo hicho, kibanja cha migomba na kahawa chenye matandazo ya kutosha kina nafuu. Majani hupunguza nguvu ya matone, na maji hupenya taratibu. Tatizo liko juu yake, kwenye rweya. Huko ndiko tunakokata nyasi za matandazo, tunakochunga, na mara nyingine moto hupita wakati wa kiangazi. Vuli ikianza, mlima uko mtupu. Tukikata nyasi zote ili kulinda kibanja, tunaihamishia hatari mlimani, kisha maji yanaturudishia hapo hapo kibanjani.

Hasara yake si ndogo. Udongo wa juu wenye unene wa milimita moja tu, ukiondoka kwenye ekari moja, ni kama tani tano. Ndio wenye rutuba, na mbolea ya dukani hairudishi udongo huo.

Kabla ya mvua, tembea shambani mpaka juu ya mlima. Ukiona mizizi iko nje, mawe yanaibuka au vijifereji vimeanza kujichora, hatari imeshafika. Kata nyasi kwa zamu, ukiacha mikanda inayokingama mteremko. Matuta ya maharage nayo yakingame, yasishuke na mlima. Panda majani ya tembo kwenye kingo za makingamaji. Mifugo nayo itapata malisho.

Jambo moja halimalizwi na mkulima peke yake. Mfereji ukichimbwa bila makubaliano, maji yake humwangukia jirani wa chini. Tulizungumze kwenye mkutano wa kijiji mapema, kabla maji hayajatugombanisha.