Uyoga na Maji ya Jirani



Mkulima wa korosho hapa Kisarawe huijua kuvu kwa jina la ubwiriunga, adui apigwaye vita kwa salfa. Lakini zipo kuvu nyingine, za jamii ya uyoga uozeshao magogo, ambazo huvunjavunja hata baadhi ya viuatilifu. Wataalamu wamejaribu kuziotesha katika mabua ili zichuje maji yatokayo mashambani. Nasi tujaribu.

Hata hivyo, uyoga hauondoi dhambi ya kuoshea bomba la dawa kijitoni. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' (2015), alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya binadamu. Basi tuanze na dhamiri. Mama achotaye maji bondeni ndiye jirani yetu.

Dominika njema.