Nia Njema Haina Kibali

Nimechoka kusikia "nia yangu ilikuwa njema." Nimechoka kabisa!

Mwanzoni mwa 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa katika Kaunti ya Kitui. Alikuwa na sababu, maana miti ilikuwa ikiisha tukiiona. Haukupita muda, lori la makaa likateketezwa barabarani. Nasi tulifanya nini? Tulipiga makofi. "Wakome!" tukasema.

Wafanyabiashara wa makaa wakafunga barabara kule Limuru, na mambo ya miti yakageuka mambo ya makabila. Haya, niambie: moto ule uliokoa mti gani? Miti ilikuwa imeshakatwa. Kilichoongezeka ni chuki.

Usiniambie waliochoma lori walikuwa wakitetea mazingira. Mchoma makaa naye ana nia njema: karo ya mtoto. Kijana anayepakia mchanga usiku Makueni ana nia njema: unga wa jioni. Anayepewa kitu kidogo akafumba macho naye atakwambia alitafuta amani. Ikiwa nia ndiyo mizani, nani kati yetu ana kosa?

Shuka mtoni ukajionee. Mchanga ndio unaotuhifadhia maji wakati wa kiangazi. Ukiwepo, mama anafukua, anachota kwa kata, mtungi unajaa, punda anabeba. Ukizolewa, anafukua mpaka anagonga mwamba. Mwamba haumuulizi pesa za mchanga zilimlipia nani karo.

Nawe umelala! Leo unashangilia lori la mwenzako likiungua. Kesho waliolichoma watakuja dukani kwako, nao watakuwa na nia njema. Utalia kwa nani? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Najua, sheria inachosha. Kesi zinaahirishwa, faili zinapotea. Lakini mbele ya sheria mtu husikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Kiberiti hakimsikilizi mtu.

Kwa hiyo amka. Ukiona lori la makaa au la mchanga usiku, andika namba yake, uripoti. Wasipokusikia, rudi kesho, rudi na jirani zako. Na yeyote atakayekuambia nia yake ni njema, awe mchoma makaa au mchoma lori, mdai kibali. Hana? Basi ni mhalifu kama wengine. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ni mimi na wewe.