Pombe, kujiua na kifungu cha 217: sisi wa Kigoma nani anatuhesabu?

Ukishuka mwaloni Kibirizi siku za mbalamwezi, utakuta vyombo vimepumzika. Dagaa wetu hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka sana taa haifui dafu. Basi mvuvi anapata siku kadhaa za kukaa tu, na mfukoni ana kile alichopata gizani. Wapo wanaopeleka nyumbani. Wapo wanaoishia kwenye gongo na pombe ya ndizi mpaka giza lirudi.

Hilo tunalisema wazi, tena kwa utani. Tusilolisema ni kwamba ulevi na kukata tamaa ni ndugu. Mtu akijiua, familia inasema "aliugua ghafla", anazikwa haraka, basi.

Jamani, jambo hili lina wataalamu wake hapa hapa Tanzania. Profesa Gad Kilonzo, daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, alishiriki mradi wa utafiti wa pombe uliofanyika nchini kati ya 1988 na 1990. Ripoti aliyoihariri pamoja na Pitkänen wa Finland ilichapishwa Helsinki mwaka 1992, na jina lake ni la kwetu kabisa: Pombe. Mwenzake wa Muhimbili, Dk. Noris Ndosi, alishika upande wa kujiua. Mwaka 1997, yeye na Waziri walichapisha utafiti kuhusu watu wa Dar es Salaam waliojaribu kujiua, na mwaka 2004 ukatoka mwingine kuhusu waliofariki. Hizi ni kazi za kuvumilia miaka, si semina ya siku mbili na posho.

Lakini angalia tafiti hizo za kujiua zimefanyika wapi: Dar. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka huko. Na hata mtafiti akipanda treni kesho akaja, atakuta nini kwenye madaftari yetu?

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama wa Ujiji aliyemwahi mwanawe usiku. Anamkimbiza Maweni huku anawaza polisi. Akiulizwa, atasema "kala kitu kibaya". Muuguzi anaandika alichoambiwa. Kijana anatibiwa tumbo, anarudi nyumbani na kichwa kile kile na chupa ile ile. Halafu mkubwa mmoja anasimama na kusema Kigoma tatizo hilo hakuna. Kumbe anasoma daftari lililojazwa kwa woga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023. Jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kinapingana na katiba.

Najua wapo watakaosema dini inakataza. Sawa, inakataza, na Ujiji ni mji wa dini tangu zamani. Lakini sheikh na padri wanaweza kukemea bila pingu. Aliyeokolewa anahitaji mtu wa kukaa naye, siyo jalada.

Na kupiga marufuku peke yake hakutoshi. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017. Gongo haramu inanyweka hadi leo. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, tulibishana sana kuhusu samaki. Mimi sikusikia mtu akiuliza mvuvi asiye na kipato miezi mitatu analalaje usiku.

Maoni yangu ni mawili. Kifungu cha 217 kiondoke. Na kila kituo cha afya cha mwambao kiwe na mhudumu aliyefundishwa kuuliza habari za pombe na za kukata tamaa bila kumtisha mtu.

Wakati tukisubiri wakubwa, jirani yako akisema amechoka na dunia, usimcheke wala usimwachie chupa. Kaa naye, mpeleke hospitali.

Wadau, mnasemaje? Hasa ninyi wa Kasulu, Kibondo na Uvinza, kwenu hali ikoje?