Jina kubwa halitoshi kwa anayelenga benki ya uwekezaji

KILA likizo ndefu ya vyuo vikuu inapokaribia, wanafunzi humiminika katika afisi za Nairobi, barua za chuo na vyeti vya bima mikononi, wakisaka nafasi za mafunzo ya nyanjani. Miongoni mwao wamo wanaosomea fedha, uchumi na uhasibu, ambao ndoto yao ni kuajiriwa na benki za uwekezaji, yaani kampuni zinazosaidia mashirika kutafuta mtaji, kuuza hisa au kuungana. Wengi wao hukosea mapema. Huandama jina lililoandikwa mlangoni badala ya kuulizia kazi inayofanywa ndani.

Kosa hilo linaeleweka. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hufurahi akisikia mwanawe yuko katika benki inayojulikana kote nchini. Hata hivyo, benki ya kawaida yenye matawi mengi si benki ya uwekezaji. Mwanafunzi anayepangiwa kuwajazia wateja fomu za akaunti kwa miezi mitatu hujifunza nidhamu ya kazi, na hilo si haba. Asichojifunza ni jinsi thamani ya kampuni inavyokadiriwa.

Haja ya kuchagua kwa makini inatokana na udogo wa soko lenyewe. Wakenya wangali wanakumbuka foleni za wanunuzi wa hisa za KenGen mwaka wa 2006, na zile za Safaricom mwaka wa 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10 kwa bei ya Sh5 kila moja. Baada ya hapo mauzo ya aina hiyo yaliadimika. Britam iliuza hisa zake mwaka wa 2011, nalo Soko la Hisa la Nairobi likauza zake mwaka wa 2014.

Kwa hivyo, washauri wa mitaji wamelazimika kutafuta riziki kwingine: katika hatifungani, hisa mpya zinazouziwa wanahisa wa zamani, na miungano ya kampuni. Mwaka wa 2019, kwa mfano, benki za NIC na CBA ziliungana na kuwa NCBA, nayo KCB ikainunua National Bank.

Kazi zote hizo zina mzizi mmoja, nao ni vitabu vya hesabu. Kabla ya bei ya kampuni kutajwa, sharti mtu asome taarifa zake za miaka kadhaa, atambue faida isiyolingana na pesa zilizomo benki, madeni yanayokaribia kuiva na wateja wasiolipa. Ujuzi huo hauhitaji jumba la ghorofa 20.

Ndiposa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, afisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu mjini Nakuru au Kisumu yaweza kumfaa kuliko benki kubwa ya Upper Hill. Humo atalinganisha risiti na taarifa za benki, atahesabu bidhaa bohari na kung'amua jinsi hasara inavyofichwa. Chama cha akiba na mikopo nacho kitamfunza kupima iwapo mkopaji anaweza kulipa. Akifika mwaka wa tatu, ndipo abishe hodi kwa mawakala wa hisa, wasimamizi wa fedha za pensheni na benki za uwekezaji zenyewe, akiwa na kitu cha kuonyesha.

Kabla ya kubisha, achunguze iwapo kampuni hiyo imo katika orodha ya zilizopewa leseni na Halmashauri ya Masoko ya Mitaji. Kuporomoka kwa Francis Thuo mwaka wa 2007 na masaibu ya Nyaga Stockbrokers mwaka wa 2008 yalidhihirisha kuwa jina linalofahamika sokoni si kinga.

Wapo watakaopinga, wakitaja mfano wa Marekani. Ni kweli kwamba huko benki kubwa huanza kuchagua wanagenzi wa likizo ya mwaka wa tatu wakati wanafunzi wangali katika mwaka wa pili, hivyo anayechelewa hujikuta nje. Lakini Nairobi haina msimu kama huo wa kuajiri. Mwanafunzi wa hapa anayefuata ratiba ya New York hujitwika pupa isiyokuwa na malipo.

Suala lililo zito zaidi ni la usawa. Nafasi nyingi za mafunzo hazina mshahara. Aliye na mjomba Nairobi hupata malazi, na pengine hata nafasi yenyewe. Mwana wa mkulima wa Kwale hushindwa na nauli kabla hajashindwa na kazi. Kwake yeye, afisi iliyo karibu na nyumbani ni nafuu na ni shule.

Lakini busara hiyo haitamfaa iwapo waajiri wataendelea kutazama majina makubwa pekee. Benki za uwekezaji zina wajibu wa kutangaza nafasi zao hadharani, kulipa walau nauli na chakula cha mchana, na kumuuliza anayeomba alifanya nini badala ya alikuwa wapi. Mwanzo wa ngoma ni lele, na ngoma ya fedha huanzia kwenye daftari la hesabu.