Mahindi ya Mapema na Miezi ya Njaa

Mkulima wa Geita, kabla ya kushika jembe yakupasa kuhesabu siku. Mvua zako kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba, hulegea au kukatika Januari na Februari, kisha hurudi hata Mei. Mahindi ya muda mrefu yaliyopandwa juma la kwanza la Novemba huchanua baada ya siku 70 hivi, yaani katikati ya Januari. Basi hapo ndipo penye hatari. Mhindi hauna kiu kubwa wakati wowote kuliko siku zile unapotoa mbelewele na nywele. Jua kali la majuma mawili wakati huo laweza kuacha gunzi tupu, hata kama shina ni nene na majani yapendeza macho. Lakini mahindi ya mapema yaliyopandwa siku hiyo hiyo huchanua karibu siku ya 50, mwisho wa Desemba, mvua ingali ikinyesha. Jua la Januari likija huyakuta yakikauka, na jua hilo huwa msaada.

Wako wakulima wasemao kwamba mbegu hizi za upesi ni bure, kwa kuwa gunzi lake ni dogo. Neno hilo ni la kweli, wala hatulipingi. Mmea uharakishao kuchanua huwa na majani machache, na majani ndiyo jiko la mmea. Jiko likiwa dogo, chakula nacho huwa kidogo. Mvua zikiwa njema mwaka mzima, mahindi ya muda mrefu yatayashinda ya mapema kwa magunia. Walakini debe la mahindi la Februari si sawa na debe la Julai. Mwezi wa Julai kila nyumba ina nafaka na bei imeshuka. Mwezi wa Februari ndipo vijana huziacha palizi na kwenda machimboni kutafuta dhahabu, na wakibahatika fedha yao huishia kwa mwuza unga. Ndipo ng'ombe naye huuzwa kwa bei ya kutupwa. Kwa maoni yetu, mbegu ya mapema ipimwe kwa mwezi inapoliwa, si kwa wingi wa magunia peke yake.

Zamani akiba ya miezi hiyo ilikuwa muhogo, na wakati wa ukoloni watu waliamriwa kuulima. Muhogo ungali chakula chema. Lakini batobato na michirizi ya kahawia imeupunguzia amani: waweza kufukua shina lililoonekana zima ukakuta mizizi imeoza ndani. Akiba ya namna moja haitoshi tena.

Mbegu hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Huko Serere, Uganda, Bwana Hugh Doggett, ambaye kwanza alishughulika na mtama katika Tanganyika, alizalisha mtama wa upesi uitwao Serena. Punje zake ni za rangi ya kahawia na zina uchungu, hata ndege hazipendi sana. Na kusema kweli walaji wengi nao hawakuupenda ugali wake, wakauona wafaa pombe. Huko Katumani, katika nchi ya Wakamba, wataalamu walichagua mahindi yaliyotangulia kuchanua, wakayachanganya na yale yaitwayo Taboran yaliyotoka Tanganyika, na mwaka 1968 wakatoa mbegu ya Katumani. Kwetu, kituo cha Ilonga karibu na Kilosa kilitoa mahindi ya Kito mwaka 1983, yanayokomaa kwa siku 90 hivi. Kwa mtama, tangu 1999 tuna Macia, mfupi, wa mapema na mwenye punje nyeupe.

Usidhani kazi hiyo ni ya msimu mmoja. Tazama nafaka iitwayo tritikale, chotara wa ngano na rai. Rimpau, Mjerumani, alipata chotara mwenye kuzaa mwaka 1888. Lakini ngano na rai nyingi za Ulaya hazitoi masuke mpaka zipitiwe na baridi kali. Zikipandwa kwetu hubaki majani tu. Ilibidi kutafuta aina zisizongoja baridi, na hata hizo zilikuwa ndefu, zenye kuchelewa, na punje zake zilisinyaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Meksiko, chavua ya ngano fupi iliangukia chotara hao pasipo mtu kukusudia, ukapatikana ukoo wa Armadillo, mfupi na wa mapema. Tangu Rimpau ilikuwa imepita miaka 80 hivi. Nafaka hiyo haiifai Geita, kwa sababu ya joto. Mahali pake ni nyanda za ubaridi. Tumeitaja ili ujue thamani ya mbegu ya mapema uliyo nayo mkononi.

Basi usilipande shamba zima. Tenga theluthi moja, karibu na nyumba, uipande mvua za kwanza zikiisha kulowesha udongo. Kwa kuwa mimea ni midogo, isogeze: mche mmoja kila sentimeta 30, na mistari iachane sentimeta 75. Patana na majirani mpande wote pamoja, maana shamba moja likomaalo peke yake huita nyani, ndege na wezi wa kijiji kizima. Mtama huumia zaidi kwa jambo hili, na mtu aliyepanda peke yake asilaumu mbegu.

Kito na Katumani si mahindi ya chotara ya dukani, kwa hiyo waweza kujiwekea mbegu kwa misimu miwili au mitatu. Ila chavua ya mahindi marefu ya jirani ikiingia, upesi wake hupotea kidogo kidogo. Chagua katikati ya shamba, wala si ukingoni. Funga uzi katika mimea iliyotangulia kutoa nywele, nayo isiwe na ugonjwa, na isipungue mia moja ili ukoo usidhoofike. Magunzi yake uyavune mbali na mengine, uyaning'inize juu ya moshi wa jiko, na watoto waambiwe kwamba hayo si ya kuchoma.