Haki Si Nauli ya Usalama

Kila basi linaposhambuliwa nchini Kenya, hata maiti hazijazikwa, kauli ni ile ile: wakamateni wote, haki zitangoja. Wapo waliofiwa wanaosema hivyo, na uchungu wao naujua ni wa kweli. Lakini imani hii ni potofu, nayo imekwisha kutugharimu roho za watu.

Tazama mwaka 2014 ulivyokwenda. Aprili polisi waliingia Eastleigh katika msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo waliokuwa na vitambulisho. Mwezi uliofuata mabomu yakalipuka ndani ya mabasi mawili barabara ya Thika. Kisha, Novemba 22, al-Shabaab wakaliteka basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi. Wakawatenga abiria walioshindwa kutamka shahada ya Kiislamu, wakaua watu 28. Wengi walikuwa walimu waliofunga shule, wakienda makwao kwa likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa Koromei, huko huko Mandera.

Waziri wa Mambo ya Ndani, Joseph ole Lenku, akaondolewa. Inspekta Jenerali David Kimaiyo akaachia ngazi. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni mswada wa sheria za usalama uliopitishwa Desemba 18 huku wabunge wakipigana bungeni, ukatiwa saini kesho yake. Ulibana vyombo vya habari. Ukaweka kikomo cha wakimbizi 150,000, kana kwamba mkimbizi aliyeko kambini ndiye aliyefyatua risasi Mandera. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane, na hadi leo wapo wanaolalamika kwamba mahakama iliwafunga polisi mikono. Kumnyamazisha mwandishi wa habari kungemwokoa mwalimu gani? Aprili 2 mwaka huo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kikachelewa kwa saa nyingi. Kilichokosekana Garissa ni wepesi wa kufika, wala si ukali wa sheria.

Sasa njoo Desemba 21, 2015, karibu na El Wak. Basi jingine la Mandera, nalo bila askari wa kulisindikiza. Washambuliaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewavisha wenzao hijabu zao. Wengine wakasema wazi, tuueni sote au mtuache. Watu wawili waliuawa siku hiyo, na mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyepigwa risasi, akafariki Januari. Nayataja makaburi hayo ili mtu asidhani nahubiri kwamba undugu unazuia risasi. Hauzuii. Lakini waliobaki hai mle ndani waliokolewa na watu wale wale ambao mwaka uliotangulia tulikuwa tukiwasomba kwa malori hadi Kasarani.

Hapo ndipo hoja ya msako inapoanguka. Shambulio la barabarani hupangwa na watu wanaolala mahali fulani, wanaonunua mafuta kwa mtu fulani. Habari zao anazo jirani. Jirani huyo akiwa amelala siku tatu uwanjani bila kosa, au mwanawe amedaiwa hongo kizuizini kwa sababu ya sura yake, ataingia kituo cha polisi kwa moyo gani? Tunamfukuza shahidi, halafu tunashangaa kwamba hakuna aliyeona.

Na gharama haikuishia kwenye basi. Baada ya Novemba ile, walimu wengi walikataa kurudi kaskazini mashariki, na sitawalaumu kamwe. Watoto wa Mandera walibaki na madarasa yasiyo na mwalimu.

Mbunge wako akileta tena mswada wa kupunguza haki zako kwa jina la usalama, muulize swali moja na usimwache mpaka ajibu: basi la Mandera litakaloondoka kesho alfajiri litasindikizwa na askari wangapi?